Bima ya Mbwa Hulipa kwa Karatasi: Ankara ya Daktari wa Mifugo Hadi Kuwa Fidia

Katika kazi yangu ya uwakala wa bima hapa Mwanza, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya magari, pikipiki na maduka, kuna swali linalonijia kutoka kwa wafugaji wa mbwa wa Capri Point, Bwiru na Luchelele, na zaidi kutoka kwa watu wenye ndugu Uingereza au Marekani: bima ya mbwa inalipaje? Anayeuliza karibu kila mara ana bima ya afya ya binadamu kichwani. Anamfikiria mgonjwa anayefika Bugando na kadi yake, anahudumiwa, anasaini fomu na kwenda zake, huku hospitali na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wakibaki kumalizana wenyewe. Kwa mbwa na paka mambo huenda kinyume. Katika nchi ambako bima hizi zimezoeleka, kwa kawaida mwenye mnyama humlipa daktari gharama yote kutoka mfukoni mwake, kisha huipelekea kampuni ya bima karatasi na kusubiri arudishiwe sehemu ya fedha hizo. Maana yake ni kwamba usiku wa dharura hati ya bima haimtoi mbwa kliniki. Fedha ama unazo, ama huna.

Sababu ni ya kisheria. Mnyama mbele ya bima ni mali ya mtu, na kinachokatiwa bima si uhai wake bali hasara inayompata mwenyewe kwa kumtibu. Ndiyo maana bima hizi zilianzia kwenye farasi na mifugo: Uswidi walianza mwaka 1890, na mbwa wakafuata nchini humo mwaka 1924. Marekani walichelewa hadi 1982, na hati yao ya kwanza wakamkatia mbwa mwigizaji wa televisheni, mbinu ambayo mimi kama mtu wa mauzo siwezi kuacha kuisifu. Katika miaka yote hiyo daktari wa mifugo amebaki nje ya mkataba. Mkataba ni wa pande mbili, mwenye mnyama na kampuni. Daktari ni shahidi tu, ila ni shahidi ambaye maandishi yake ndiyo huamua dai lilipwe au lisilipwe.

Mbwa akiugua, mwenyewe humpeleka kwa daktari aliyesajiliwa, hulipa, kisha hutuma kwa kampuni, siku hizi mara nyingi kwa kupitia programu ya simu, fomu ya madai pamoja na ankara iliyochanganuliwa, uthibitisho wa malipo na historia ya matibabu ya mnyama. Dai la kwanza ndilo hukawia, kwa kuwa kampuni huomba faili lote la mnyama tangu mwenyewe alipompata, hata kama ametibiwa kliniki tofauti tofauti. Mchambuzi wa madai anayeijua kazi yake haanzi na ankara, huanza na faili. Hutafuta ni lini dalili ya kwanza iliandikwa, huilinganisha na tarehe bima ilipoanza, ndipo hushuka kwenye ankara na kuondoa visivyolipika: chakula maalumu, dawa ya viroboto, kukata kucha, chanjo, dawa ya minyoo, kuhasi, isipokuwa kama mteja amelipia nyongeza ya huduma za kinga. Kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye hesabu.

Na hesabu yenyewe ina mtego. Tuchukue ankara ya shilingi 600,000 ambayo yote imekubaliwa. Mkataba unasema mteja anabeba shilingi 100,000 za mwanzo, na kampuni inalipa asilimia 80. Kampuni inayoitoa kwanza ile laki moja hubaki na 500,000, hupiga asilimia 80 na kumrudishia mteja 400,000. Nyingine huanza kwa kupiga asilimia 80 ya ankara nzima, hupata 480,000, ndipo huitoa laki moja, na mteja hupokea 380,000. Tangazo ni lilelile na asilimia ni ileile, lakini shilingi 20,000 zimepotelea kwenye mpangilio wa kutoa na kuzidisha. Kisha kuna suala la kiasi hicho cha mwanzo kutozwa mara ngapi. Kampuni nyingine hukitoza mara moja kwa mwaka, nyingine kwa kila ugonjwa mpya, kiasi kwamba mbwa aliyesumbuliwa na ngozi, sikio na tumbo ndani ya mwaka mmoja atakatwa laki moja mara tatu. Juu ya yote kuna kikomo cha mwaka, na kwa mnyama mzee mikataba mingi ya Uingereza huongeza asilimia ambayo mteja atachangia hata baada ya kukatwa kiasi cha mwanzo.

Uingereza pia hati zenyewe si za aina moja, na ndugu zetu walioko huko huchukua iliyo rahisi bila kujua wamechukua nini. Iliyo rahisi kuliko zote hulipa ajali peke yake. Inayofuata hulipa kila ugonjwa kwa miezi 12 tangu ulipoanza, na ikifika hapo ugonjwa huo huondolewa kwenye bima moja kwa moja, jambo ambalo kwa mbwa mwenye kisukari au mzio wa ngozi ni sawa na kutokuwa na bima kuanzia mwaka wa pili. Ipo inayoweka kiwango cha fedha kwa kila ugonjwa bila kujali muda, na kiwango kikiisha ndiyo basi. Ya ghali ni ile ambayo kikomo chake huanza upya kila mwaka hati inapohuishwa, hivyo ugonjwa sugu unaendelea kulipwa maadamu mteja hakukatiza malipo. Mtu akiniuliza ningechagua ipi, jibu langu ni hii ya mwisho au kuacha kabisa. Hizo za katikati hukutupa mkono pale ugonjwa unapokuwa sugu.

Ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima haulipwi, na hilo kila wakala hulisema. Kisichosemwa sana ni kwamba ugonjwa huhesabiwa kuwepo hata kabla haujatambuliwa. Daktari akiandika mwezi Machi kwamba mbwa anachechemea kidogo mguu wa nyuma wa kulia na kwamba mwenyewe ameliona hilo kwa muda sasa, bima ikaanza Aprili, na Julai ikaonekana kwamba kano ya goti imekatika, kampuni itarudi kwenye sentensi ile ya Machi, ingawa siku hiyo hakuna aliyetamka neno kano. Zipo zinazokwenda mbali zaidi: goti la kulia likiwa na historia, la kushoto nalo huhesabiwa kuwa lilikuwa na tatizo tangu awali, kwa hoja kwamba kano za magoti ya mbwa zikikatika upande mmoja, mara nyingi upande wa pili hufuata. Kitabibu hoja hiyo ina ukweli. Kwa mteja aliyelipa ada kwa miaka ni vigumu kuimeza.

Kisha kuna kipindi cha kusubiri baada ya kukata bima, ambacho kwa magonjwa mara nyingi ni siku 14 na kwa magoti na nyonga kinaweza kufika miezi sita. Dalili ikijitokeza ndani ya kipindi hicho, nayo huhesabiwa kuwa ilikuwepo kabla. Marekani, chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo kilipitisha mwaka 2022 sheria ya mfano ambayo inaweka ukomo wa siku 30 kwa kusubiri huko, inakataza kusubiri kwa ajali, na inaitaka kampuni ndiyo ithibitishe kwamba ugonjwa ulikuwepo kabla, badala ya mteja kuhangaika kuthibitisha kwamba haukuwepo. Kifungu hicho cha mwisho ningependa kukiona katika kila aina ya bima, ya magari ikiwemo.

Kwa jinsi hiyo, sehemu kubwa ya dai huwa imeshaamuliwa mezani kwa daktari, kwa kalamu yake. Hapa ufukweni ajali ya mbwa tunayoijua vizuri ni ndoano. Migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi za kuvulia sangara, inaposafishwa pwani, ndoano moja yenye kipande cha chambo husahaulika mchangani, na mbwa humeza vyote kwa pamoja. Kuuvuta mshipi uliofungwa ndoano ni hatari, kwa sababu ndoano hujikita zaidi katika koo au tumbo. Unaachwa kama ulivyo, mnyama anawahishwa kwa daktari apigwe picha ya eksirei na pengine apasuliwe. Bosi, mbwa wa mama mmoja jirani yetu Luchelele, alifikishwa kliniki katika hali hiyo, mshipi ukining'inia pembeni mwa mdomo na mate yakiwa na damu. Alipona. Siku ya kumchukua nilimsindikiza mama kwenda kulipa, na daktari akafungua kitabu chake na kuandika mstari mmoja, "Matibabu ya mbwa", na jumla chini yake.

"Daktari, samahani," nikamwambia, "mchanganulie mama kila kitu."

"Ya nini tena, kaka? Ameshalipa kwa simu, ujumbe si anao?"

"Anao, lakini ujumbe unasema fedha zimekwenda kwa nani. Hausemi mbwa alikuwa na nini."

"Mwandikie tu, baba," mama akadakia, "huyu na bima zake hatatuacha tuondoke."

Daktari akaandika upya, safari hii kwa utulivu: kumwona mgonjwa nje ya saa za kazi, picha mbili za eksirei, moja ya ubavu na moja ya mgongo, dawa ya usingizi kulingana na uzito wa mbwa, upasuaji wa kutoa ndoano tumboni, dripu, dawa ya maumivu, antibayotiki za kwenda nazo nyumbani, kulazwa. Kila kimoja kikiwa na tarehe na bei yake. Mama yule hana bima ya mbwa, lakini karatasi ile ndiyo aina ya ankara ambayo mchambuzi wa London angeifanyia kazi bila kupiga simu hata moja. Kwa mama faida yake ilikuwa tofauti: aliona kwamba theluthi ya fedha zake zilikwenda kwenye kulazwa na huduma ya usiku, na kwamba kama angemleta mbwa mchana ule alipoanza kukataa chakula angelipa pungufu.

Ankara inayodaika huwa na jina la mnyama, umri, jinsia na, akiwa na chipu chini ya ngozi, ile namba yake ya tarakimu 15, kwa kuwa kampuni inataka uhakika kwamba mbwa aliyetibiwa ndiye aliyekatiwa bima. England chipu ni lazima kwa mbwa tangu 2016 na kwa paka tangu Juni 2024. Hutakiwa pia jina la daktari na usajili wake. Kwetu usajili huo hutolewa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, ambayo inatofautisha madaktari wa mifugo na wataalamu wasaidizi. Bwana mifugo wa kata anaweza kuchoma sindano vizuri kabisa, na wengi wetu ndiye tunayemtegemea, ila dai linaloomba saini ya daktari halitakubali saini yake. Kliniki binafsi itoe risiti ya mashine ya EFD. Huduma ya serikali hulipiwa kwa namba ya malipo ya serikali, na stakabadhi yake itunzwe. Vipimo vikifanyika, iwe kliniki au kwenye kituo cha Mwanza cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, majibu yaambatishwe, kwa sababu homa ya kupe iliyotibiwa kwa kukisia na ile iliyothibitishwa kwa darubini hazipokelewi kwa uzito mmoja.

Chanjo bima ya kawaida hailipii, lakini kukosa chanjo kunaweza kuua dai. Mtoto wa mbwa akifa kwa pavo, ugonjwa wa virusi, na kadi yake ina nafasi tupu pale chanjo ilipotakiwa, kampuni nyingi zitakataa kwa sababu ugonjwa huo ulizuilika. Kadi basi ni sehemu ya faili la madai, na ile stika ndogo ya chupa ya chanjo ibandikwe juu yake pamoja na tarehe na saini. Kichaa cha mbwa nacho kina upande wa fedha ambao watu hawaufikirii: hati nyingi za mbwa za Uingereza huwa na sehemu inayomlinda mwenye mbwa akidaiwa na mtu aliyeng'atwa. Hapa kwetu mbwa akimng'ata mtoto wa jirani, gharama za sindano za mtoto hujadiliwa uani, mara nyingi kwa sauti kubwa, na kadi yenye tarehe ya chanjo hupunguza sana mjadala huo, ingawa haimwondolei mtoto haja ya kuwahi hospitali.

Yapo makampuni yanayomlipa daktari moja kwa moja, mengine kwa mfumo wa kompyuta uliounganishwa na kliniki, hivyo mteja hutoa sehemu yake tu na kuondoka. Kwa upasuaji uliopangwa, mteja pia anaweza kuomba kampuni ipitie makadirio ya daktari mapema na kusema italipa nini. Ni utaratibu mzuri, ila madaktari wengi huusita, na siwalaumu: dai likikataliwa baada ya mbwa kurudi nyumbani, kliniki ndiyo inayobaki kumtafuta mteja ambaye simu yake haipatikani. Kwa hiyo hata pale huduma hiyo ilipo, daktari huomba amana kwanza.

Kwa wateja wangu wa huku Kanda ya Ziwa, bima ya wanyama ninayoishughulikia ni ya mifugo, hasa ng'ombe wa maziwa, na dai lake lina sura nyingine kabisa. Bima hiyo kwa msingi wake hulipa kifo na si matibabu, kwa thamani ambayo mtaalamu aliikadiria ng'ombe akiwa mzima. Utambulisho ni hereni ya sikioni. Ng'ombe akifa, kampuni inaarifiwa mara moja, mzoga haufukiwi wala haugawiwi nyama kabla mtaalamu hajaukagua, picha zinapigwa hereni ikionekana, na taarifa ya uchunguzi inaeleza chanzo cha kifo. Hapo pana tahadhari moja ambayo ni kubwa kuliko fidia yoyote. Ng'ombe aliyekufa ghafla na kutoka damu isiyoganda puani au nyuma huenda ana kimeta, na mzoga wa kimeta haupasuliwi kwa hali yoyote, kwa kuwa vijidudu vyake vikikutana na hewa hugeuka kuwa mbegu zinazokaa ardhini kwa miaka mingi. Daktari huchukua damu kidogo kwa uchunguzi na kuandika taarifa kwa msingi huo. Mfugaji anayedhani kwamba bila kupasua hatalipwa aambiwe mapema.

Mwenye mbwa au paka hapa mjini, ambaye hana hati ya bima, bado analipa ankara zilezile, na utaratibu wa kumsaidia ni wa kawaida sana. Kabla ya matibabu makubwa aombe makadirio ya maandishi yenye kiwango cha chini na cha juu, na akubaliane na daktari kwamba gharama zikizidi kiwango cha juu atapigiwa simu kwanza. Akubaliane pia amana ni kiasi gani na salio litalipwa lini. Madaktari wengi hukubali awamu kwa mteja wanayemfahamu, mara chache kwa mgeni aliyekuja usiku. Kiasi ambacho angelipa kama ada ya bima akiweke pembeni kila mwezi, kwenye akaunti tofauti au kibubu cha simu. Udhaifu wa akiba ni kwamba ndoano haisubiri ijae: anayeanza kuweka Januari na mbwa akaumia Machi atakuwa na fedha za dripu, si za upasuaji, na ni pengo hilo la miezi ya mwanzo ambalo bima huliziba na akiba haiwezi.

Wanaorejea nyumbani na mbwa wao kutoka ng'ambo wasome kipengele cha mipaka ya nchi kabla ya kuendelea kulipa ada. Hati nyingi hutaja nchi ambako matibabu yanakubalika na muda ambao mnyama anaweza kuwa nje, na aliyehamia Mwanza moja kwa moja kwa kawaida hayumo tena hata kama ada inaendelea kukatwa benki kila mwezi.

Dai likikataliwa, hatua ya kwanza ni kuomba kukataliwa huko kwa maandishi, kukiwa na namba ya kifungu kilichotumika na sentensi ya faili iliyotegemewa. Madai mengi hufia kwenye sentensi moja, na sentensi inaweza kufafanuliwa: ikiwa kuchechemea kwa Machi kulitokana na mwiba uliotolewa siku hiyohiyo, daktari aliyeutoa anaweza kuandika hivyo, na barua yake ina nguvu kuliko kurasa za malalamiko ya mteja. Uingereza kampuni hupewa wiki nane kujibu lalamiko kabla mteja hajalipeleka kwa msuluhishi wa huduma za fedha. Kwa hati zilizokatwa Tanzania, za mifugo zikiwemo, lalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe, kisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza, au kwa msuluhishi wa migogoro ya bima. Mpelekee nakala, na nakala halisi zibaki nyumbani kwako.